Ukumbi, meza na korido: chumba kinachangia nini katika kufaulu kwa mwanafunzi wa chuo kikuu?

Chuo kikuu kinapopata fedha za kujenga, swali la kwanza mezani kwa kawaida ni idadi ya viti. Ukumbi utabeba wanafunzi wangapi? Maktaba itakuwa na nafasi ngapi za kukaa? Mita moja ya mraba itagharimu kiasi gani? Ni maswali halali, maana fedha hazitoshi na wanafunzi wanaongezeka. Lakini hakuna hata moja linalogusa kazi watakayoifanya wanafunzi hao wakishakaa. Ndiyo maana kuna majengo yanayopendeza kwenye picha za uzinduzi, huku mwanafunzi wa safu ya kumi na tano hasikii vizuri, ubao anauona nusu, na hajaulizwa swali tangu muhula uanze.

Ninavyoliona mimi, chumba hakimfundishi mtu wala hakimfelishi. Kazi yake ni kurahisisha baadhi ya mambo na kuyafanya mengine yawe magumu. Lililo rahisi hufanyika kila siku. Lililo gumu hufanyika wiki ya kwanza, kisha linaachwa. Ukilitazama jengo kwa jicho hilo, mabishano mengi kuhusu meza za duara, skrini na viti vya kusukumwa huku na huku yanaanza kueleweka.

Mafanikio yapi?

Neno "mafanikio" hubeba mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni kuelewa somo na kufaulu mtihani. La pili ni kubaki chuoni hadi kumaliza. La tatu ni kujiona kwamba mahali hapa ni pako, na kwamba hukuingia kwa bahati mbaya. Mtafiti wa Marekani Vincent Tinto alieleza tangu mwaka 1975 kwamba mwanafunzi anayeacha chuo mara nyingi ni yule ambaye hakufungamana na maisha ya masomo wala ya watu wa pale. Baadaye alisisitiza jambo ambalo wasanifu majengo wanapaswa kulikariri: kwa mwanafunzi anayetoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, darasa ndilo mahali pekee anapokutana kwa uhakika na wenzake na walimu wake. Asipofahamiana na mtu darasani, hatafahamiana na mtu popote pale chuoni.

Kila moja kati ya hayo matatu linadai kitu tofauti kwenye jengo. Kuelewa kunadai usikivu, uoni na nafasi ya kufanya kazi. Kubaki kunadai mahali pa kukaa kati ya kipindi na kipindi. Kujiona ni wa hapo kunadai mambo madogo ambayo ramani ya mchoraji haiyaonyeshi.

Ukumbi ulitoka wapi

Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, kama Bologna ambacho kwa mapokeo huhesabiwa kuanza mwaka 1088, vitabu viliandikwa kwa mkono na bei yake haikushikika. Mwalimu alisoma maandishi kwa sauti na kuyafafanua, wanafunzi wakasikiliza. Huko Padua, mwaka 1595, kulifunguliwa ukumbi wa anatomia wenye vibaraza vinavyopanda kwa mzunguko mwinuko, ili watu wengi waweze kuutazama mwili mmoja uliolazwa mezani chini. Sauti moja isikike na kila mtu. Kitu kimoja kionekane na kila mtu. Kwa kazi hizo mbili, ukumbi wa viti vinavyopanda ngazi kwa ngazi haujapata mshindani hadi leo.

Lakini haukuwa umbo pekee. Katika misikiti ya elimu kama al-Azhar ya Cairo, mwalimu alikaa penye nguzo na wanafunzi wakamzunguka kwa duara la darsa. Aliyekaa kwenye duara anaona nyuso za wenzake. Aliyekaa ukumbini anaona visogo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila ndiyo inayoamua nani atamuuliza nani swali.

Sasa vitabu si adimu tena, na mhadhara wenyewe unaweza kurekodiwa. Kinachokosekana siku hizi ni mtu wa kukwambia umekosea wapi wakati bado unaweza kurekebisha. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi ngazi ya shahada, wakalinganisha madarasa ya mhadhara mtupu na yale ambayo wanafunzi walipewa maswali, mijadala au kazi za vikundi ndani ya kipindi. Kwenye mhadhara, wastani wa waliofeli ulikuwa asilimia 33.8. Kwenye madarasa ya kushiriki, asilimia 21.8. Kwa darasa la wanafunzi mia, hao ni watu kumi na wawili.

Hapo ndipo chumba kinapoingia. Chukua safu ya viti ishirini vilivyofungwa sakafuni, na meza ndefu mbele yake. Mwanafunzi wa katikati amekwama kwenye mlinganyo. Mhadhiri akitaka kumfikia, watu tisa au kumi lazima wasimame, wafunge daftari, wabebe mikoba. Hakuna mwalimu atakayefanya hivyo mara mbili kwa kipindi kimoja. Basi mwanafunzi wa katikati anabaki hafikiki, na si kwa sababu mwalimu ni mvivu. Jengo limemweka mbali. Kathy Perkins na Carl Wieman, mwaka 2005, waliripoti kuhusu darasa kubwa la fizikia ambamo wanafunzi walipangiwa viti bila kuchagua: waliopangiwa nyuma nusu ya kwanza ya muhula walipata alama za juu kwa nadra zaidi, hata baada ya kuhamishiwa mbele. Tafiti nyingine kuhusu viti hazikukuta athari hiyo, kwa hiyo nisingelichukulia kama sheria. Hata hivyo, chuo kinachowagawia watu viti vya mbele na vya nyuma kina wajibu wa kujiuliza vya nyuma vinamfanya nini anayevikalia.

Meza ya duara na mipaka yake

Jaribio linalotajwa sana lilianza miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, chini ya Robert Beichner. Mpango huo unaitwa SCALE-UP. Meza ni ya duara, yenye kipenyo cha takriban mita 2.1. Wanakaa wanafunzi tisa, vikundi vitatu vya watu watatu. Vipimo hivyo vina sababu. Meza ikiwa kubwa mno, waliokaa pande mbili wanalazimika kupaza sauti. Ikiwa ndogo mno, karatasi na kompyuta hazitoshi. Kikundi cha watatu ni kidogo kiasi kwamba hakuna anayeweza kujificha. Ukutani kuna ubao pande zote, na mwalimu hana "mbele" yake: anatoa swali, kisha anazunguka. Akisimama nyuma ya meza yoyote anaona kazi ya watu tisa kwa mtazamo mmoja.

Je, ni chumba kilicholeta tofauti, au ni namna ya kufundisha? Christopher Brooks wa Chuo Kikuu cha Minnesota alijaribu kuyatenganisha hayo mawili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Mhadhiri mmoja, somo moja, kazi zile zile, madarasa mawili: moja katika chumba cha kawaida, jingine katika chumba cha meza za duara. Wanafunzi wa chumba cha duara walikuwa wameingia chuoni na alama za chini kidogo, hivyo walitarajiwa kumaliza nyuma ya wenzao. Walimaliza sawa. Tena waangalizi waliona kwamba mhadhiri huyo, ingawa alikusudia kufundisha vile vile kote kuwili, alihutubia kidogo zaidi na kutembea zaidi alipokuwa kwenye meza za duara. Chumba kilimbadilisha mwalimu bila ruhusa yake.

Pamoja na hayo, ukimweka mhadhiri wa kuhutubia saa nzima kwenye chumba hicho, nusu ya darasa itampa mgongo au itakaa shingo zimepinda. Huo ni mhadhara mbaya kuliko ule wa ukumbi wa zamani, na umegharimu zaidi. Kinyume chake, Eric Mazur alianza mwaka 1991 kule Harvard kufundisha fizikia kwa maswali ambayo wanafunzi hujibu kwanza peke yao, kisha hujadiliana na jirani, kisha hujibu tena. Alifanya hivyo ukumbini, kwenye viti vya kawaida. Kwa hiyo meza ya duara si sharti, wala yenyewe haitoshi. Inachopunguza ni gharama ya kufanya jambo zuri. Mwalimu hodari atafundisha vizuri hata ukumbini, kwa jasho. Mwalimu wa kawaida, ambao ndio wengi, atafanya kile ambacho chumba kinamrahisishia.

Gharama nayo isemwe wazi. Kiti cha ukumbi huhitaji mita moja ya mraba hadi moja na nusu. Kiti cha meza ya duara huhitaji karibu mita mbili na nusu. Ukumbi wa watu 200 utageuka kuwa chumba cha watu 100 au pungufu. Chuo kikifanya mageuzi bila kukiri hesabu hii, wanafunzi watasimama milangoni. Njia ya kutokea ipo: maelezo ya msingi yasomwe au yatazamwe kwenye video nyumbani, darasa ligawanywe mara mbili, kila kundi lipate saa chache za ana kwa ana zenye kazi nzito. Lakini huo ni uamuzi wa mtaala. Fundi wa meza hawezi kuufanya kwa niaba ya kitivo.

Ipo pia njia ya katikati ambayo ningeipigania popote ukumbi unapokarabatiwa: safu mbili kwenye kila ngazi, badala ya moja, na viti vya safu ya mbele viweze kuzunguka. Mwalimu akisema "jadilianeni", wa mbele anageuza kiti na kukutana uso kwa uso na wa nyuma yake. Watu wanne wamekuwa kikundi ndani ya sekunde tano. Viti vinapungua kiasi, ila mteremko na uoni vinabaki.

Kusikia

Katika orodha ya vitu vinavyokatwa bajeti ikipungua, matibabu ya sauti huwa juu kabisa, kwa sababu mwangwi hauonekani kwenye picha. Mimi ningekata skrini kwanza.

Sauti inapotoka kinywani hugonga kuta, dari na sakafu, ikarudi ikiwa imechelewa. Chumba cha saruji, vioo na vigae huirudisha karibu yote. Irabu zina nguvu, zinasikika. Zinazopotea ni sauti fupi dhaifu kama p, t, k na s, maana zinafunikwa na mkia wa silabi iliyotangulia. Kiwango cha Marekani cha usikivu wa madarasa kinataka mwangwi katika chumba cha kawaida ufifie ndani ya sekunde 0.6, na kelele za chinichini, kama feni na barabara, zisizidi desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sauti ya mwalimu inatakiwa izidi kelele hizo kwa takriban desibeli 15.

Mtu anayesikiliza kwa lugha aliyozaliwa nayo huziba mapengo bila kujua: akisikia nusu ya neno, akili inamalizia. Anayesikiliza kwa lugha ya pili au ya tatu hawezi kuziba kwa kasi hiyo, hasa neno lenyewe likiwa la kitaaluma na ndiyo kwanza analisikia. Vivyo hivyo mwenye usikivu hafifu. Kwa hiyo chumba chenye mwangwi hakiwaumizi wote sawa. Kinawachagua wale ambao tayari wana mzigo, na mwisho wa muhula matokeo yao yanasomwa kama ushahidi wa uwezo mdogo.

Maikrofoni peke yake haitibu. Ukipaza sauti ndani ya chumba kinachovuma, unaupaza na mvumo. Dawa ni vitu laini: vigae vya dari vinavyofyonza sauti, mbao zenye matundu kwenye ukuta wa nyuma, mapazia mazito, vipande vya mpira chini ya miguu ya viti. Na chumba cha vikundi kinahitaji matibabu haya kuliko ukumbi, kwa sababu vikundi kumi vikiongea pamoja, kila kimoja hupandisha sauti ili kishinde kingine, na baada ya dakika chache hakuna anayesikia.

Hewa na mwanga ni habari fupi zaidi. Nje, hewa ukaa ni takriban sehemu 420 kwa milioni. Chumba kilichojaa watu na madirisha yakafungwa hupita 1,000 mapema sana. Utafiti wa Usha Satish na wenzake wa mwaka 2012 uliona uwezo wa kufanya maamuzi ukishuka kwenye kiwango hicho na zaidi. Baadhi ya tafiti zilizofuata hazikuona hivyo, lakini kipimo kikiwa juu kinathibitisha angalau kwamba watu wanavuta pumzi za wenzao, na maradhi ya kikohozi hupita njia hiyo hiyo. Kifaa cha kupimia ni kidogo na cha bei nafuu. Kila chumba kikubwa kingekuwa nacho. Kuhusu mwanga, swichi ya taa za mbele itenganishwe na za juu ya wanafunzi, ili projekta ikiwaka watu waendelee kuona wanachoandika.

Nani amekaribishwa

Mwaka 2009 Sapna Cheryan na wenzake waliwaingiza wanafunzi katika chumba kilichosemekana kuwa cha sayansi ya kompyuta. Kwa baadhi yao, chumba kilikuwa na mabango ya filamu za sayansi ya kubuni, michezo ya video na makopo ya soda. Kwa wengine, kulikuwa na picha za mandhari na vitu visivyo na alama yoyote. Hakuna aliyeambiwa avitazame. Wanawake walioingia chumba cha kwanza walipungukiwa na hamu ya somo lenyewe, wakati wale wa chumba cha pili hamu yao ilikaribia ya wanaume. Ukuta ulikuwa umeshasema nani anatarajiwa pale.

Kiti cha magurudumu kinatoa fundisho zito zaidi. Kumbi nyingi huhesabiwa kuwa "zinafikika" kwa kuwa kuna nafasi mbili karibu na mlango, ama mbele kabisa, ama juu kabisa nyuma. Mwanafunzi ameingia, ni kweli. Lakini hawezi kuchagua pa kukaa, hawezi kukaa na rafiki zake, na kikundi kikihama yeye anabaki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unazungumzia elimu jumuishi, na kuwepo chumbani ukiwa umetengwa hakujafika huko. Chumba cha sakafu bapa chenye meza zinazoweza kupandishwa na kushushwa hutatua sehemu kubwa. Na jukwaa je? Likiwa na ngazi tatu na hakuna njia ya mteremko, jengo limeshaamua kwamba mhadhiri hatakuwa mtu wa kiti cha magurudumu.

Kati ya kipindi na kipindi

Maswali bora ya mwanafunzi huja kipindi kikiisha. Anamfuata mhadhiri hadi mlangoni, wenzake wawili wanasimama kusikiliza, na darasa linalofuata linaanza kuingia. Nje kukiwa na korido nyembamba isiyo na benchi, mazungumzo yanakufa hapo. Korido ikipanuliwa kidogo, ikawekwa benchi, ubao ukutani na soketi, mazungumzo yanaendelea robo saa nyingine. Ni nafasi isiyo na jina kwenye orodha ya vyumba, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa. Kadhalika umbali: Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba mawasiliano kati ya wahandisi hushuka kwa kasi kadiri ofisi zinavyoachana, na kupita mita 50 hubaki machache sana. Ofisi za wahadhiri zikikaa jengo la mbali, saa za kuonana na wanafunzi zitabandikwa mlangoni na hakuna atakayekuja.

Kisha kuna yule mwenye kipindi saa mbili asubuhi na kingine saa nane mchana, na kwao ni mbali. Anahitaji kiti, soketi, kabati la kufuli, maji, na mahali asipofukuzwa. Na mahali pa kimya. Katika miaka ya karibuni maktaba nyingi zimegeuzwa kuwa kumbi za kazi za vikundi, na nusu ya mageuzi hayo ni ya haki. Nusu nyingine imewanyang'anya wanafunzi wanaoishi katika nyumba zenye msongamano kimya pekee walichokuwa nacho. Saltire Centre, maktaba ya Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian huko Uskoti, iliyofunguliwa mwaka 2006, ilipanga jambo hili kwa busara: ghorofa ya chini ni ya shughuli na sauti, na kadiri unavyopanda ndivyo kimya kinavyoongezeka. Huhitaji mlinzi wa kunyamazisha watu. Mpangilio wenyewe unakuonyesha uko wapi.

Ratiba, matengenezo, kipimo

Jengo zuri linaweza kuuawa na ofisi ya ratiba. Mfumo ukigawa vyumba kwa idadi ya viti peke yake, mhadhiri aliyepanga somo lake kwa vikundi atapewa ukumbi, na mwenzake wa kuhutubia atapewa meza za duara, wote wawili walalamike. Aina ya chumba lazima iingie kwenye fomu ya ratiba. Viti vya kusukumwa navyo huwa na ahadi visiyoitimiza: kupanga upya chumba cha watu sitini huchukua dakika kadhaa, na kati ya vipindi hakuna dakika hizo. Mchoro wa mpangilio wa kawaida ubandikwe ukutani, na chumba kirudishwe hivyo kila mara. Fungu la matengenezo liwepo kila mwaka. Soketi iliyokufa na kalamu ya ubao iliyokauka hufunga chumba cha kisasa polepole bila mtu kutangaza.

Katika kupima, maoni ya wanafunzi yasiachwe yatawale peke yake. MIT ilipohamishia fizikia ya mwaka wa kwanza kwenye meza za watu tisa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanafunzi wengi walipinga, hata wakasaini waraka, wakati waliokuwa wakifeli walikuwa wakipungua. Kufanya kazi darasani kunachosha kuliko kusikiliza. Kipimo kiwe nani amefaulu, nani anarudia somo, na pengo kati ya makundi ya wanafunzi limepungua au limepanuka. Pia mtu aingie na saa, ahesabu dakika ambazo wanafunzi wanaongea wao. Na jioni, wafagizi hawajaingia, apite kuangalia viti vimeachwa wapi: wanafunzi huwa wameshauchora upya ule mpangilio, na mara nyingi wana sababu.

Hayo yote hujaribika kwa chumba kimoja kabla ya kumwaga zege. Minnesota ilianza na vyumba vichache vya majaribio mwaka 2007, ikavichunguza vikiwa na wahadhiri halisi na masomo halisi, ndipo mwaka 2010 ikafungua jengo zima lenye vyumba vya namna hiyo. Chuo chenye ukumbi mmoja unaosubiri ukarabati kina nafasi hiyo hiyo: muhula mmoja, somo moja ambalo wengi hufeli, na mhadhiri aliye tayari kutazamwa akifundisha.